Chupa Iliyokataa Kuzeeka

Daktari Luvanda tulimzika Iringa, shambani kwake, na waliosimama kumsifu walikuwa wengi: wa serikali, wa kanisa, wa chuo. Mimi sikuitwa kusema. Sikununa. Viti walivyokalia ni vyangu, maturubai ni yangu, malori mawili yaliyovibeba kutoka Mbeya ni yangu, na katika ule umati hakuna aliyejua kwamba yule mtu wa nyuma mwenye suti ya kahawia na elimu ya darasa la nne aliwahi kushika mikononi mwake kazi ya miezi tisa ya marehemu, akabakiza kidogo tu kuiangamiza. Leo natotolesha vifaranga. Toka Mbalizi mpaka Makambako, mtu akinunua kifaranga, uwezekano ni mkubwa kwamba kimetoka kwenye mashine yangu, na mashine hizo nimeziunda mwenyewe. Wataalamu wamekuja na kalamu zao kuniuliza nimejifunzia wapi mambo ya joto na unyevu. Huwa nacheka tu. Nilijifunza mwaka wa sabini na nne, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, nyuma ya hospitali moja mjini Mbeya, na ada niliyolipa sijawahi kumwambia mtu.

Baada ya maziko binti wa marehemu alinifuata nilipokaa. Naye ni mtafiti wa saratani, msichana mwenye macho ya baba yake, yale ya kukutazama mpaka ujihisi una kosa. Akakaa na sahani yake ya wali. "Baba mdogo," akasema, "baba alikuwa akisema kuna dereva aliyemfundisha somo ambalo vyuo vyote vilimnyima. Ni wewe?" Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri, maana sifa mimi siipishi njia. Ndipo akanieleza yale ambayo mwaka ule hakuna aliyeyajua, si sisi wala Wazungu. Alisema kila seli ya mwili ina nyuzi ndani yake, na kila seli inapogawanyika ncha za nyuzi hizo zinapungua kidogo, mpaka zinafika mahali seli inagoma kugawanyika tena. "Kama kamba ya lori," nikamwambia. "Kila ukifungua mzigo ncha inafumuka, unakata, unafunga upya. Siku moja kamba haifiki." Akacheka. "Hivyo hivyo. Sasa kuna kimeng'enya, telomerezi. Hicho ni fundi wa kuunga ncha. Kwenye seli nyingi za mtu mzima fundi amelala. Kwenye saratani nyingi yuko macho, anaunga usiku na mchana, ndiyo maana hazichoki." Nikamwambia basi waamsheni mafundi wa wazee wote, tusizeeke. Akatikisa kichwa. "Ukimwamsha hovyo, baba mdogo, unaweza kuwa unaisaidia saratani. Hapo ndipo tulipo." Kisha akaondoka kwenda kuaga wageni, nami nikabaki na wali wangu umepoa. Nilitambua kwamba baba yake alimsimulia nusu ya ile habari, ile nusu yenye heshima. Nusu nyingine ninayo mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na naomba msomaji aniamini nikisema hapakuwa na dereva kama mimi barabara yote ile. Na zaidi ya usukani nilikuwa na lugha: Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kisangu cha kuombea maji. Daktari Luvanda alikuwa karudi kutoka Ulaya, Mhehe mrefu, mpole, mwenye haraka. Alitaka kujua kwa nini mwili unazeeka. Wakati ule kulikuwa na habari kwamba seli za ngozi ya mtu, ukizilea kwenye chupa, zinagawanyika mara kadhaa kisha zinakoma, na kwamba za mzee zinakoma mapema kuliko za kijana. Daktari alitaka kulihakiki hilo kwa wazee wa Nyanda za Juu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kupita vijijini na Land Rover, kutafuta wazee waliovuka miaka tisini, kuongea nao mpaka wakubali, kuandika jina na umri. Daktari alikuja nyuma yangu, akachukua kwenye mkono kipande cha ngozi kama punje ya ulezi.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Dirisha limezibwa kwa bati. Meza mbili, hadubini moja ya zamani, na kabati la mbao za mninga alilounda seremala wa pale mjini, ndani limepigwa mabati, chini yake taa ya mafuta. Joto lilitakiwa liwe la mwili wa mtu, si zaidi, si pungufu, na aliyejua kuucheza ule utambi kuliko wote ni mimi. Seli zililelewa ndani ya chupa bapa za dawa, zimechemshwa, na kila chupa ilikuwa na plasta yenye jina na umri kwa mwandiko wangu. Chakula chao kilihitaji maji ya damu ya ndama. Niliyafuata Usangu kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Kisukuma sikijui, lakini nilijua kukaa chini na kumaliza maziwa niliyopewa, na mtu anayemaliza maziwa hanyimwi. Aliyezilisha seli alikuwa Sista Tumpe, muuguzi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mkali, mwenye mikono isiyotetemeka. Mimi aliniita Bwana Mkubwa wa Utambi. Kila Jumatatu alitazama chupa. Iliyojaa aligawa mara mbili na kuchora mstari mmoja kwenye plasta. Rafu ya chini kabisa ilikaa chupa iliyofungwa uzi mwekundu. Hiyo ilitoka kwenye uvimbe wa saratani wa mama mmoja aliyekuwa ameshazikwa, lakini chupa yake kila Jumatatu ilikuwa imejaa pomoni. Ilikuwa mwiko kuigusa kabla ya nyingine zote. Tumpe aliihudumia mwisho, akabadili koti, akanawa mpaka viwiko. Na kila mara alipoitoa aliisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," kama jirani.

Daktari aliniahidi kitu. Siku moja mchana, tunakula kande sote watatu kwenye kibaraza, alisema, "Asajile, ukinipatia wazee kumi, nitakuandikia barua uende Dar es Salaam kusomea kazi ya maabara. Habari ya vyeti niachie mimi nibishane nao." Tumpe akasema, "Koti jeupe litamfika kwenye magoti huyo." Nilicheka nao, lakini usiku sikulala. Ninyi mliosoma hamjui. Mtu wa darasa la nne akiona mlango umeachwa wazi kidogo, hatazami tena kilicho kushoto wala kulia. Wazee tisa nilikuwa nimeshawapata, na wote niliwahakiki kwa kuuliza na kuuliza tena. Wa kumi akawa Mzee Kihwele.

Alikaa ng'ambo ya mto kutoka Kalenga. Mgongo ulipinda alipoanguka kutoka kwenye paa, meno yamebaki mawili, nywele nyeupe kabisa. "Kamwene, nyalukolo," akaniita ndugu, akanikaribisha kigoda, ukaletwa ugali, maharage na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nikaanza maswali yangu. Akajibu bila kusita kwamba alikuwa kijana anachunga ng'ombe Wajerumani walipokuja kupigana na Wahehe, akaeleza moshi, mbio, jina la ng'ombe aliyepotea. Mimi nikihesabu moyoni: tisini, tisini na mbili. Na hapo hapo, kupitia ukuta wa udongo ulionitenga na jikoni, nikamsikia dada yake mkubwa akimwambia mkwewe kwa Kihehe, "Ati alichunga! Mimi ndiye niliyembeba mgongoni huyo, wakati Waingereza wanawafukuza Wajerumani." Mkwe akauliza, "Kwani si babu, mama?" Bibi akajibu, "Jina ni la babu. Makalio ni ya mdogo wangu, nimeyapangusa mwenyewe." Wakacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Nilielewa mara moja, maana hata upande wetu mambo hayo yapo. Mtu akifa, msiba ukiisha, mrithi anavikwa nguo yake, anakabidhiwa mkuki wake, anaitwa kwa jina lake. Toka siku hiyo yeye ndiye marehemu. Dada zake wanamwita babu, anahukumu mashauri ya babu, na akisimulia vita vya babu anasema *nilikimbia*, wala hadanganyi. Ukimwuliza umri, unajibiwa ule wa jina. Mzee Kihwele hakunidanganya hata kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu ya mwili na tisini na kitu ya jina, na alinijibu swali ambalo kwake ndilo la heshima. Mimi ndiye niliyejua kwamba daktari anauliza umri wa ngozi. Nilimeza tonge. Nikatoa kalamu. Nikaandika tisini na mbili.

Daktari alikuja wiki iliyofuata, akachukua ngozi, mzee hata hakupepesa. "Hicho kipande mtanirudishia?" akauliza. "Kitaishi Mbeya, babu," daktari akajibu. Nilikuwa nimeshika sinia la vifaa. Nilisikia dada mtu anakohoa jikoni nikaanza kusimulia habari za barabara kwa sauti ya juu, ukimya wangu usije ukasikika.

Miezi ikaenda. Chupa za wale tisa zikaanza kuchoka, moja moja, kama ilivyotazamiwa. Ya Kihwele ikajaa. Jumatatu, mstari. Jumatatu, mstari. Plasta ikaisha nafasi, Tumpe akabandika nyingine chini yake. Daktari alibadilika kabisa, alikuja asubuhi akiimba tenzi, akila mhindi wa kuchoma huku akisoma namba, akanipiga bega: "Asajile, tumepata kitu! Mzee wa miaka tisini na mbili, seli za mtu wa makamo!" Mara ya kwanza alipotamka maneno hayo, *seli za mtu wa makamo*, niligeuka nikakata utambi usiohitaji kukatwa. Akamwandikia profesa wake Ulaya. Barua yangu ya Dar nayo akaipiga taipu. Niliiona mezani, jina langu kamili, bila kosa.

Jibu la Ulaya lilifika mvua za kwanza zilipoanza. Daktari alilisoma amesimama, kisha akakaa, akalisoma tena. Profesa aliandika kwamba hakuna muujiza: seli za saratani zina tabia ya kuvamia chupa za jirani, maabara kubwa duniani zimeaibika kwa hilo, basi aangalie mikono ya msaidizi wake. Na kwa ile hadubini yetu, daktari alikiri, asingeweza kuapa anaona nini. Akamwita Tumpe.

"Sista, ulianza lini kushika chupa ya chini kabla ya nyingine?"

"Sijaanza, daktari. Na sitaanza."

"Mtu akichoka anasahau."

"Mikono hii imezalisha wanawake zaidi ya nilivyoweza kuhesabu. Haijachanganya kitu."

"Mikono haisemi, Sista. Chupa ndiyo inayosema." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akatoa hukumu: Ijumaa ya mwisho wa mwezi chupa zote zitamwagwa kwenye dawa, na Tumpe ataandika barua ya kukiri, irudi naye kwa wakubwa wake. Kila mtu alijua muuguzi mwenye barua kama ile anaishia wapi.

Zilibaki wiki tatu. Nataka kusema nilipigana na nafsi yangu, lakini kweli ni kwamba niliendesha gari, nilikata utambi, nilikula. Kande zile zile, ila Tumpe sasa alikula nje kwenye ngazi, ametupa mgongo. Siku moja niliposhusha dumu la mafuta ya taa alinizuia mlangoni. "Asajile, wewe upo hapa kila siku. Umewahi kuniona nakosea?" Nikasema sijawahi. "Basi mwambie." Nikamwambia, "Mimi dereva tu, Sista." Nimeishi miaka mingi na nimejisifu kila mahali, hata kanisani. Ile ndiyo siku pekee niliyojifanya mdogo, na sijawahi kusema neno la hovyo kuliko lile.

Ijumaa ikafika. Ndoo ya dawa katikati ya chumba, harufu yake inachoma macho. Daktari alitaka Tumpe amwage mwenyewe. Karatasi ya kukiri ilikuwa mezani na kalamu juu yake. "Kusaini sisaini," Tumpe alisema, "kumwaga nitamwaga, ni zako." Akafungua ya kwanza, ikaenda. Ya pili. Ya tatu. Ilikuwa miezi tisa ya kazi na ilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anatema mate. Aliposhika ya Kihwele niliona kidole chake kimekaa juu ya mwandiko wangu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hana miaka tisini na mbili."

"Nani?" daktari akauliza.

"Mzee Kihwele. Jina ndilo lina tisini. Yeye alizaliwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Alirithi. Amevikwa jina la mdogo wa babu yake."

Tumpe aliiweka chupa mezani polepole, kama yai. Daktari akanigeukia. "Umejua lini?"

"Siku ile ile. Kabla hatujamaliza kula."

Nilitegemea kofi. Badala yake alikaa juu ya kreti la chupa, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Luvanda si jina nililozaliwa nalo," akasema. "Nilivishwa nikiwa shuleni, alipokufa baba mkubwa. Shangazi zangu wananiita kaka. Nimekwenda Ulaya miaka yote ile, nikarudi kumwuliza Mhehe umri wake kwa karatasi." Kisha kicheko kikakatika. "Na wale tisa?"

"Wale ni wa kweli, daktari. Niliwahakiki."

"Nitajuaje?"

Watatu kati yao walikuwa tayari ndani ya ndoo.

Akasimama, akaichana karatasi ya kukiri vipande viwili, lakini vipande akaviweka mfukoni. "Maneno yako sasa hayana uzito," akaniambia. "Itasema chupa. Kama Sista alichanganya saratani, hii haitakoma kamwe. Kama ni ngozi ya mtu wa makamo, itakoma kama yoyote. Tutasubiri. Utakaa hapa na taa yako. Ikikoma, Sista anabaki, wewe unaondoka. Isipokoma, mnaondoka wote wawili." Barua yangu ya Dar hakuitaja. Hakukuwa na haja.

Basi nikaanza kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya: kuilea chupa kwa uangalifu wote nilionao, huku namwomba Mungu ikome. Kuihujumu ilikuwa rahisi, kupandisha utambi tu kidogo na kila kitu kingekufa, lakini kilichokufa kwa moto kisingemtetea Tumpe. Ilibidi ikome yenyewe, ikiwa imeshiba na ina joto lake. Jumatatu ya kwanza ilijaa. Tumpe akachora mstari. Ya pili ikajaa. Alizungumza nami habari za taa tu: "Imepanda. Punguza." Ya tatu ikajaa tena, na nikamwona ameegemea meza kwa mikono miwili, anapumua. Nikaanza kuwaza, je, kama yule bibi jikoni alikuwa anatania? Je, kama profesa yuko sahihi, na uongo wangu haukuwa na maana yoyote, si kwa kuharibu wala kwa kuokoa? Leo binti wa daktari anaweza kuchukua tone, akapima kama yule fundi wa ncha yuko macho au amelala, akajibu. Sisi tulikuwa na kalenda ya ukutani tu.

Jumatatu ya nne ilijaa nusu. Ya tano, nusu ile ile. Ya sita Tumpe aliitoa, akaiweka chini ya hadubini, akainama, akakaa hapo mpaka shingo yangu ikauma kwa niaba yake. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika. "Njoo," Tumpe akasema. Nikadhani anamwita yeye. "Wewe, Bwana Mkubwa. Njoo uone."

Sikuwa nimewahi kuruhusiwa kuweka jicho pale. Niliona seli pana, tulivu, zimetandazwa kama mashati yaliyoanikwa kwenye nyasi, na hakuna hata moja inayojigawa. "Zimekufa?" nikauliza.

"Hazijafa. Zimeacha tu. Saratani haijui kuacha."

Daktari akaja akatazama, akainua kichwa, akamwambia, "Nisamehe, Sista." Tumpe alibandua ile plasta ya kwanza, akaniwekea mbele yangu kipande kipya na kalamu. "Mwandiko wa mwanzo ni wako," akasema. "Andika umri wake."

Nilifikiri hamsini na saba. Nikafikiri hamsini na tisa. Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikaandika: HAUJULIKANI. Herufi ya mwisho ilijikunja kidogo, kalamu ilikuwa inateleza.

"Irudie hiyo ya mwisho," Tumpe akasema. "Isomeke."

Nikairudia. Kisha nikaweka funguo za Land Rover mezani, nikashusha utambi pale joto lilipotakiwa kuwa, nikatoka nje mvuani kuelekea Mbalizi kwa miguu.